Nani Aliyemleta Kibarua Huyu?

Somo kwa wenye vitalu na bustani, na kwa wote wanaonunua kwao

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja wa usharika, mwenye kitalu cha miche kando ya barabara kuu, mtu anayejulikana kwa bidii yake. Huuza miche ya maua na ya matunda, tena hutengeneza bustani za watu mjini: hupanda nyasi, hukata michongoma, hutandaza kokoto njiani. Mkononi alikuwa na karatasi iliyotoka katika hoteli moja anayoitunzia bustani. Karatasi ilimtaka atie sahihi ya kwamba katika kazi yake hamna utumwa, wala katika kazi ya wale wanaomwuzia vitu. Mzee alikuwa amekasirika. Alisema, "Mchungaji, watu hawa wanatutukana. Nina vibarua tisa, nao ujira wao hutoka kila Jumamosi. Utumwa uliisha zamani za babu zetu. Je, nitie sahihi yaishe, au niwarudishie karatasi yao?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atuachie karatasi, tukaahidi kufika kitaluni siku ya Jumatatu. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyojifunza pamoja naye, na ruhusa ya kuyaandika ametupa mwenyewe, ila jina lake tusilitaje. Katika sharika zetu za mlimani wenye vitalu ni wengi, na wenye bustani za mboga na za maua ni wengi zaidi. Asiyeipokea karatasi ya namna hii mwaka huu huenda akaipokea mwaka ujao.

Kwanza na tuseme karatasi hizi zatoka wapi. Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya utumwa wa siku hizi. Sehemu yake moja yaziagiza kampuni zenye biashara huko, ambazo mapato yao ya mwaka yafika pauni milioni 36 au zaidi, kutangaza kila mwaka hatua zilizochukua ili utumwa usiwemo katika kazi zao wenyewe, wala katika kazi za wale wanaoziuzia vitu. Hoteli ile ni ya wenye mali wa huko. Kampuni kubwa humwuliza anayeiuzia, naye humwuliza anayemwuzia, na ulizo hushuka ngazi kwa ngazi mpaka limfikie mzee wetu mwenye vibarua tisa. Sheria hiyo ina udhaifu wake, nasi hatuna sababu ya kuuficha. Yataka kampuni iseme tu ilichofanya, na kama haikufanya neno lo lote, yaweza kusema hivyo hivyo na kuendelea na biashara yake. Kwa hiyo karatasi yaweza kuzunguka dunia nzima ikiwa na sahihi kumi, na asiwepo hata mtu mmoja aliyetoka nje kumtazama kibarua.

Mzee alisema utumwa uliisha zamani, na neno hilo yatupasa kulipima. Ni kweli kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 sheria za Unguja na Pemba ziliacha kuutambua utumwa. Na huku Tanganyika sheria ya kuukomesha ilitoka mwaka 1922. Lakini waulizeni wazee wenye habari za mashamba ya mkonge ya Tanga. Baada ya sheria hiyo ya 1922 watu walichukuliwa kutoka mikoa ya mbali, hata kutoka Ruanda na Urundi, wakapewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi haikutimizwa haikutiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta na kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU, na jina hilo wazee wengine walikumbuka hata siku za utoto wetu. Hatusemi kwamba manamba walikuwa watumwa. Waliingia kwa mapatano, na wengi walirudi kwao na fedha na nguo. Ila twasema kwamba mtu aliye mbali na kwao, ambaye nauli yake ililipwa na mwingine, na hesabu yake huandikwa na mwingine, hana njia pana ya kuondoka. Akipata bwana mwema atafanya kazi na kulipwa. Akipata bwana mbaya hatajua aende wapi.

Shirika la Kazi Duniani, katika mapatano yake ya mwaka 1930, lilieleza kazi ya kulazimishwa kuwa ni kazi ambayo mtu hutozwa kwa kutishwa na adhabu, wala hakujitoa kuifanya kwa hiari yake. Kamba wala kiboko havikutajwa kuwa ni lazima viwepo. Adhabu yaweza kuwa kunyimwa ujira uliokwisha kufanyiwa kazi, au kunyimwa kitambulisho, au tisho la kupelekwa polisi. Shirika hilo na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 49.6 duniani walikuwa katika utumwa wa siku hizi. Milioni 27.6 kati yao walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, na wengine katika ndoa za kulazimishwa. Watoto waliolazimishwa kazi walikuwa milioni 3.3.

Siku ya Jumatatu tulikwenda kitaluni. Tulichagua saa ambayo mnyapara alikuwa amekwenda mjini kununua dawa za mimea, maana kibarua hasemi kweli mbele ya mtu anayemwogopa. Hatukuwaita wote pamoja kama watu wanaohukumiwa. Tulikaa na kila mmoja penye kazi yake, huyu akijaza udongo katika viriba, huyu akimwagilia, tukaanza na habari za kwao, ndipo tukauliza. Maswali yalikuwa machache, nanyi mwaweza kuyatumia: Nani aliyekuleta hapa? Ulimlipa nini, au wadaiwa nini naye? Ujira wako hufika mkononi mwa nani? Kitambulisho chako kiko wapi? Ukitaka kwenda kwenu kesho, ni nini kitakachokuzuia?

Vibarua sita walikuwa watu wa vijiji vya jirani, nao walijibu wakicheka. Watatu waliletwa na mnyapara kutoka mkoa wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Hao hawakucheka. Kumbe fedha zao mzee alizipeleka kila Jumamosi kwa simu ya mnyapara, kwa kuwa mnyapara alisema vijana hawana simu, na ndivyo ilivyo rahisi kwa mtu mwenye kazi nyingi. Na vitambulisho vyao mnyapara alikuwa amevichukua "visipotee".

Kijana wa kwanza, wa miaka 19, alitueleza hesabu yake, tukaiandika naye chini ya mparachichi. Ujira ulikuwa shilingi 7,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni 182,000. Mnyapara alijitwalia 2,000 katika kila siku ya kazi, ndizo 52,000. Chakula na kitanda alimtoza 4,000 kwa siku, na Jumapili pia, ndizo 120,000. Zilizobaki ni 10,000, nazo zilikwenda katika deni. Deni lenyewe lilikuwa 120,000, ingawa nauli ya basi haikupita 45,000. Nyingine iliitwa gharama ya kumtafutia kazi. Basi kijana angemaliza deni baada ya miezi 12 kamili, kama asingeugua hata siku moja. Lakini aliugua siku tisa. Siku hizo ujira haukuwapo, bali chakula na kitanda viliendelea kuandikwa, na juu yake dawa za 12,000. Kwa hiyo baada ya miezi mitano ya kulima na kupanda, deni lake lilikuwa 127,000, yaani kubwa kuliko siku aliyoshuka katika basi.

Mzee alikuwa amesimama karibu, akisikia. Alichukua peni, akahesabu upande wake. Kwa siku 121 za kazi za kijana huyo alikuwa amekwisha kutoa shilingi 847,000. Kijana hakuwa ameshika hata moja.

Hapo ndipo ilipo shida ya jambo hili katika kazi za bustani, na kwa sababu hiyo twakaa juu yake. Mwenye kitalu alilipa, tena kwa siku yake, wala hakumpiga mtu wala hakumfungia mtu mlango. Na bado ndani ya ua wake palikuwa na mtu asiyeweza kuondoka. Kazi ya bustani hutaka mikono mingi kwa majuma machache, kisha haitaki tena. Kwa hiyo hupenda mtu wa katikati, awe mnyapara au dalali, anayeweza kuleta watu watatu kwa siku mbili na kuwaondoa kwa siku moja. Na huyo wa katikati ndiye asiyetazamwa.

Waingereza walijifunza neno hili kwa msiba. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, watu wasiopungua 21 kutoka China, waliokuwa wakiokota kombe pwani ya Morecambe Bay, walizama maji ya bahari yalipojaa. Walikuwa wamepelekwa huko na mtu aliyewasimamia, usiku, mahali wasipopajua. Mwaka ule ule ilitungwa sheria ya kuwataka wanaopeleka vibarua katika kazi za mashamba, za bustani na za kuokota kombe wawe na leseni, na ikawa kosa kumtumia mleta watu asiye na leseni. Waliokufa walikuwa waokota kombe, lakini sheria ilimshika na mleta vibarua wa bustani, kwa kuwa namna yao ni moja.

Mzee aliuliza swali ambalo huenda nanyi mwaliuliza: "Lakini kijana si alikuja kwa hiari yake?" Alikuja. Aliambiwa ujira, wala hakuambiwa makato. Mapatano ya Palermo ya mwaka 2000 juu ya usafirishaji wa watu yasema wazi kwamba mtu akipatikana kwa udanganyifu ili atumiwe, kukubali kwake si kitu. Na akiwa ni mtoto, kukubali kwake si kitu kwa vyo vyote. Nchi yetu ina sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kulazimishwa, yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na haimruhusu mwajiri kukata ujira wa mtu apendavyo. Wasomaji wa Biblia wanamjua Labani, aliyembadilishia Yakobo ujira mara kumi, naye alikuwa mjomba wake. Yakobo naye alikwenda kwa hiari.

Kijana wa tatu alisema ana miaka 18. Tulimwuliza tu alimaliza darasa la saba mwaka gani, akajibu bila kufikiri, tukahesabu: alikuwa na 15. Huyo ndiye aliyebeba bomba la dawa mgongoni, bila kitambaa puani wala buti miguuni. Sheria haimruhusu mtoto chini ya miaka 14 kuajiriwa kabisa. Mwenye umri huo aweza kupewa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo, na kazi ya hatari hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kunyunyizia sumu ya wadudu ni kazi ya hatari; twaandika hivyo kwa kuwa tumewaona watoto wakiifanya hata katika mashamba ya wazee wa kanisa.

Wazo la kwanza la mzee lilikuwa kuwafukuza wote watatu pamoja na mnyapara, jioni ile ile, ili atie sahihi akiwa safi. Tulimsihi asifanye hivyo. Kijana akifukuzwa huondoka na deni lake, na mdai humfuata au humpeleka kwa mwingine aliye mbaya zaidi. Karatasi ingekuwa safi, na kijana angekuwa katika hali mbaya kuliko mwanzo.

Haya ndiyo aliyoyafanya, na kwa jinsi tulivyopima yalikuwa ya haki. Vitambulisho vilirudi mikononi mwa wenyewe siku ile. Ujira wa kila mtu ukalipwa kwake mwenyewe, naye akitia sahihi katika daftari. Asiye na simu hulipwa taslimu. Nauli ya 45,000 mzee aliihesabu kuwa gharama yake yeye aliyehitaji watu, na deni lililosalia likafutwa, kwa maana Shirika la Kazi Duniani lafundisha kwamba gharama za kumtafuta mfanyakazi zisimwangukie mfanyakazi. Zile 2,000 za kila siku, ambazo kwa kijana wa kwanza zilifika 242,000, mnyapara alitakiwa kuzirudisha. Alirudisha 100,000. Zilizobaki 142,000 mzee alizitoa mwenyewe kwa mafungu mawili, akinung'unika, wala hatuoni haya kusema kwamba alinung'unika. Mwenzake naye alihesabiwa vivyo hivyo. Mtoto alipewa haki yake na nauli, na habari zake tulizipeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mtu katika jamii atoe habari aonapo haki ya mtoto ikivunjwa. Asiyemjua afisa huyo aweza kupiga simu 116. Mambo ya mnyapara yako mikononi mwa wenye mamlaka, basi hatutayasema zaidi.

Karatasi iliuliza pia juu ya vitu vinavyonunuliwa. Samadi hutoka kwa wafugaji wanaojulikana, na viriba hutoka dukani, huko hatukukawia. Glovu za mpira zilituzuia kidogo. Mwaka 2020 Marekani ilizuia glovu za viwanda vya kampuni moja kubwa ya Malaysia zisiingie nchini mwake, kwa sababu ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Wafanyakazi kutoka Bangladesh na Nepal walikuwa wamelipa mawakala fedha nyingi ili wapate kazi hiyo, wakaingia katika deni, yaani kama kijana wetu wa mparachichi, ila kwa bahari. Baada ya kuzuiwa, kampuni ilianza kuwarudishia wafanyakazi fedha hizo. Vivyo hivyo mawe mazuri ya kutandaza bustani huko Uingereza, mengine hutoka machimbo ya Rajasthan, India, ambako wachimbaji wengi hupokea fedha ya mbele kutoka kwa mwenye machimbo, kisha hawawezi kuondoka mpaka wailipe, na vumbi la mawe huwaharibu mapafu. Mwenye kitalu wa kwetu hawezi kwenda Malaysia wala India. Aweza kumwuliza mwenye duka glovu zimetoka wapi, na jibu likiwa "sijui", aandike "sijui".

Lakini kwenye kokoto twaweza kwenda kwa miguu. Na hapa yatupasa kuungama neno letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita sisi wa baraza la usharika tulinunua malori mawili ya kokoto kwa ua wa kanisa. Bei ilikuwa nafuu, tukamshukuru Mungu kwa unafuu huo, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza. Baada ya kutoka kitaluni tulifuata njia ya lori lile mpaka bondeni. Tulikuta akina mama wakigonga mawe kwa nyundo, na watoto wao kando wakigonga madogo, saa nne ya asubuhi, siku ya shule. Wale hawakuwa watumwa wa mtu. Walikuwa maskini, wakilipwa kwa ndoo, na bei ya ndoo ilikuwa ndogo hata mama asingefikisha kiasi cha chakula bila mikono ya mtoto. Hatukuacha kununua kwao, maana kuacha kungewanyima hata hicho kidogo. Baraza limekubali kulipa zaidi kwa ndoo, fedha zikitolewa kwa mama mwenyewe pale pale bondeni bila kupitia kwa mwenye lori, na sharti ni kwamba watoto wawe shuleni. Tumekwenda mara tatu tangu siku ile. Mara mbili tuliona watoto wamekwenda shule. Mara moja tulikuta watatu.

Limebaki neno la bei, nalo karatasi ya hoteli haikuligusa kabisa. Tulimwuliza mzee kwa nini alimchukua mnyapara yule. Alisema kwamba hoteli ilitaka bustani nzima imalizike kwa majuma matatu kabla ya wageni kufika, nayo hulipa baada ya siku 60, na mwaka jana ilipunguza bei. Asingeweza kupata watu upesi hivyo kwa njia nyingine, wala hakuwa na fedha za kuwapa nauli. Kumbe yule yule aulizaye kama pana utumwa ndiye aliyeharakisha kazi, akapunguza bei na kuchelewesha malipo. Hatusemi kwamba jambo hili lamwondolea mzee lawama. Ila anayetaka kibarua alipwe kila Jumamosi, naye amlipe mwenye kitalu mapema.

Mzee hakutia sahihi mahali palipowekwa alama. Aliandika barua ya kurasa mbili, nasi tulimsaidia lugha. Katika barua hiyo alieleza aliyoyakuta kitaluni na aliyoyatengeneza. Akaandika "sijui" mbele ya glovu. Akaeleza habari za bondeni. Na mwisho akaomba alipwe kwa siku 14 badala ya 60. Mkewe alimwambia kwamba ametupa kazi yake mwenyewe, na huenda ni kweli, kwa kuwa mwenye kitalu mwingine barabarani alitia sahihi yake siku ile ile alipoipokea karatasi.

Jibu la hoteli halijafika mpaka leo tunapoandika. Kila Ijumaa mzee huenda kukata nyasi zao kama kawaida, na kijana yule wa kwanza, ambaye sasa ana simu yake na amechagua kubaki, ndiye anayesukuma mashine.